Mbuzi Aliyechinjwa Kimya

Nilijiandikisha kwenye safari hii ya chuo kwa sababu ya ubishi. Mhadhiri alisema Simiyu kuna vijiji ambako ibada zimetenganisha hata ndugu wa tumbo moja. Mimi nikasema chini ya dini lazima kuna kitu kingine, labda ardhi. Nilitaka kuona.

Asubuhi tulitoka Bariadi, tukashika barabara ya vumbi hadi Zagayu, ambako pamba ilikuwa imepasuka pande zote. Tulianzia kanisani, jengo la matofali, halafu tukaenda kwa Mzee Masanja, mwenyeji wetu. Uani kwake kuna vijumba viwili vya nyasi, vya mizimu ya wazazi wake. Dada yake, Mayu Kabula (mayu ni mama kwa Kisukuma), ni mzee wa kanisa lile. Tangu abatizwe hajala kwa kaka yake, maana hapo kila mbuzi huchinjwa kwa kuwaita wazazi kwanza.

Siku hiyo Masanja alitaka dada yake ale. Mimi nilishika miguu ya mbuzi, yeye akachinja bila kutamka neno.

"Leo umemeza ulimi?" jirani mmoja akamtania.

"Dada yangu anakuja kula."

Alasiri Mayu Kabula alifika, akasimama nje ya ua wa minyaa.

"Mwadila, dada," Masanja akamsalimu kwa Kisukuma. "Ingia."

"Umechinja wewe? Basi umewaita."

"Sikuwaita! Muulize huyu mgeni. Ameniambia hana dini, kwa hiyo hana upande."

Akanigeukia. "Mwanangu, alisema kitu?"

"Sikusikia neno, mayu." Ilitosha. Lakini nikaongeza, "Ila ya moyoni hatuwezi kuyajua."

Mayu Kabula akakaza kitenge kiunoni. "Haya, kuleni," akasema, akaondoka.

Jioni Masanja alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akanyunyiza mbele ya vijumba kuomba radhi. "Nimechinja kama mwizi," aliniambia, bila hasira. "Waliokufa wameudhika, na aliye hai hakula."

Kesho yake, wakati wa kurudi, tulimkuta Mayu Kabula akichuma pamba kando ya barabara. Tukasimama kumuaga.

"Wabeja, mwanangu," akashukuru. Kisha akashusha sauti. "Ile nyama, alichoma au alichemsha?"

"Alichemsha, mayu."

"Kama mama," akasema, akarudi kwenye pamba yake.

Ardhi hawaigombanii, niliuliza. Kuhusu dini zao sijui zaidi ya nilivyojua nilipoondoka. Ninachojua ni hiki: niliulizwa nilichokisikia, nikajibu nisichokijua.