Mapatano ya Kidato cha Tatu

Mwalimu Nkatha alifika kisiwani Pate kufundisha hisabati akiwa amechoshwa na wanafunzi wa kutafuniwa kila kitu. Basi akaja na jambo lake: kila mmoja wa Kidato cha Tatu aandike mwenyewe atajifunza nini, kwa njia gani, na atamwonyesha nani kwamba ameelewa. Kisha atie sahihi. Walimu wenzake walicheka. Watoto hawa, walisema, huja hata bila kalamu.

Watoto wakaandika. Ila Tima, binti mwenye ulimi wake, akasimama. "Mapatano gani haya ya upande mmoja, mwalimu? Wewe huahidi kitu? Na mashahidi wako wapi?"

Darasa zima likamuunga mkono. Kwao, neno la kufungana husomwa kwa sauti mbele ya watu wazima. Karatasi peke yake ni karatasi tu. Haya, wakaitwa Bwana Muhdhar wa madrasa na babu yake Tima, wakaketi mbele, wakasikiliza ahadi moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya mwalimu: atawafundisha mpaka wamalize mtihani wa Kidato cha Nne. Nkatha aliisoma upesi upesi. Ombi lake la uhamisho lilikuwa limeshakwenda.

Msimwite mwongo haraka. Mwanawe, Ian, alikuwa akilelewa na bibi yake huko Meru, na siku hizi kwenye simu alimwita Nkatha "mwalimu".

Muhula ukaenda. Aliyeahidi kumfunza mwenzake milinganyo, alimfunza. Aliyelegea aliulizwa na mashahidi sokoni, mbele za watu, na aibu ya Pate jamani si ya mchezo! Nkatha akajikuta anakaa nyuma ya darasa, akisahihisha.

Uhamisho ukakubaliwa. Aliwaza kuukataa, akamkumbuka Ian, akawaza tena. Mwishowe aliingia darasani, akamkuta Razan ubaoni akiwaeleza wenzake hesabu.

"Naondoka," Nkatha akasema. "Narudi kwa mwanangu Meru. Nilipoahidi nilikuwa nimeshaomba uhamisho, na bado nikaahidi. Nawaomba radhi."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, chao na chake. Wao wakanong'onezana kidogo, kisha Tima akasimama.

"Tumekusamehe, mwalimu. Mwana ana haki kuliko sisi. Mngu akupe ndia njema."

"Na ninyi je?"

"Sisi? Ahadi zetu ziko pale pale. Mashahidi hawajahama."

Razan akaishika tena chaki. Nkatha alibaki amesimama pale mbele ya ubao. Hivi ndivyo alivyotaka wawe, na iliuma, iliuma vibaya, kwamba hapana aliyemlilia.

"Mwalimu, tafadhali," Tima akasema kwa adabu, "pisha kidogo. Wa nyuma hawaoni ubao."