Sarafu ya Mkubwa kwenye Jiwe la Ignace

Kwa miaka minne Ignace, sonara wa Makiso, alikilisha kinyongo chake vizuri kuliko tumbo lake. Aliyekipanda ni Cyprien, mtu wa protokoli ya serikali. Kwenye harusi ya mpwa wake, Cyprien alishika mikrofoni akatangaza kwamba Ignace amekula dhahabu aliyopewa ya kutengenezea pete akarudisha shaba. Wateja wakapotea, na sokoni mkewe Wivine akabaki kuitwa Mama Shaba.

Kisha serikali ikatimiza mwaka, ikajipongeza kwa sarafu za dhahabu: upande mmoja Mkubwa wa nchi na mashavu yake, upande wa pili okapi, ambaye angalau alionekana kuona haya. Watiifu ishirini wakagawiwa. Cyprien akataka kuivaa ya kwake kwenye gwaride, na aliyejua kuifunga kwenye mkufu bila kumtoboa Mkubwa ni Ignace peke yake.

"Tonton Ignace, ya zamani tuache. Unifungie hii."

"Bon. Tuanze na jiwe."

Kila kilichoingia pale kilisuguliwa kwenye jiwe jeusi la kupimia dhahabu, mbele ya mwenyewe na mashahidi. Ignace akawaita waendesha toleka wawili walioegesha baiskeli zao za abiria mlangoni.

"Hii iko ya serikali, haipimwi," alisema Cyprien.

"Papa, ulisema mimi iko mwizi. Nisipopima, kesho utasema nimebadilisha."

Cyprien akamkabidhi sarafu. Sarafu ikaacha mstari wa njano, Ignace akadondosha asidi. Dhahabu ingetulia. Huu ukatoa povu la kijani, ukafutika kama ahadi ya kampeni.

"Serikali yetu inachemka," alisema mmoja wa wale wa toleka.

Cyprien aliloa jasho. "Munyamaze, bajamaa. Hii ikisikika, kazi yangu imeisha."

"Alors, sema ile pete ilikuwa nini."

"Dhahabu."

"Kwa sauti, Papa. Mikrofoni mimi sina."

"Ilikuwa dhahabu. Nilikasirika sababu ulikataa kunipunguzia bei."

Ignace akaifunga sarafu kwa ustadi wote, ila vanishi ya kukinga shaba na jasho aliiacha kwenye chupa, makusudi.

Siku ya gwaride jua halikumhurumia mtu. Kufika saa sita, shati jeupe la Cyprien lilikuwa na duara la kijani kifuani. Ignace na mkewe walikuwa mstari wa mbele, wamewahi tangu asubuhi.

"Papa Shaba," Wivine alimwita kwa upole lakini kwa sauti, mpaka mama wa sokoni wote wakageuka, "simama wima, Mkubwa anaonekana vizuri."