Serikali ya Baba Ambayo Haikuwahi Kuapishwa

Baba yangu alikuwa waziri katika serikali ambayo haikuwahi kuwepo. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Alikuwa askari kijana, mgeni kabisa jeshini, siku zile wanajeshi walipoasi kambini Dar es Salaam, uhuru wa nchi ukiwa bado mbichi. Maasi yakashindwa, jeshi likavunjwa, naye akarudishwa kwao Magu kulima pamba. Mimi nimeishia darasa la saba na ninauza samaki wa kukaanga stendi ya Buzuruga, kwa hiyo mambo ya wakati ule nayajua kwa mdomo wake tu. Na yeye hakuyasimulia kama yalivyotokea. Aliyasimulia kama ambavyo yangetokea.

Katika masimulizi yake, maasi yalifaulu.

"Tungeshinda sisi," alikuwa anasema, "makao makuu yangekuwa hapa Mwanza. Ziwa lote hili mbele yetu, halafu bomba linakohoa?" Kila bomba lilipokohoa bila kutoa maji, serikali yake ilipata nguvu. Daraja kubwa la ziwani lilipofunguliwa sisi tulishangilia. Yeye alisema wao wangelijenga zamani, tena la kwao lingekuwa na kivuli cha watembea kwa miguu. Kuhusu pamba ndiyo usiseme. Mkulima wa nchi yake alivaa saa mbili, moja kila mkono.

Alianza kama mkuu wa mkoa. Kadiri alivyozeeka alijipandisha cheo, na miguu ilipomsumbua nikamhamishia kwangu Buzuruga, tayari alikuwa Waziri wa Maji na Ulinzi. Ukoo mzima ulipewa kazi. Mimi nilikuwa balozi huko Ulaya ya baridi, ati kwa sababu nao wanakula samaki. Mbwa wa jirani alilinda mpaka. Binti yangu alikuwa katibu wa waziri, na ndiye aliyemsumbua zaidi.

"Mheshimiwa, uji unapoa. Baraza la mawaziri linywe?"

Mzee akisinzia kwenye kiti, mdomo wazi, binti ataniita kwa kunong'ona, "Mama, njoo uone, serikali imepinduliwa."

Naye atafumbua jicho moja. "Nimekusikia, mke wangu. Kesho nakuhamishia Dodoma."

Nimtendee haki baba. Hakuwahi kusema kwamba alimpiga mtu risasi. Alisema aliwekwa kwenye kizuizi cha barabara, akasimamisha magari, na kwamba bunduki ilikuwa nzito. Labda yalikuwepo zaidi ya hayo. Sikuuliza, na mpaka leo sijui kama nilipaswa kuuliza au nilifanya vizuri kunyamaza.

Mwaka jana akatokea kijana wa upande wa Kagera, fundi umeme, Mlutheri, akitaka kumwoa binti yangu. Binti naye alimtaka kweli. Nilijua kwa sababu alianza kunisaidia kuparua samaki bila kuambiwa, na alipoparua alikuwa anaimba. Siku ya posa ilipokaribia aliniomba jambo moja tu. "Mama, siku hiyo babu asitawale."

Nikamfikishia baba ujumbe. Akanijibu kwamba mawaziri wanaijua itifaki.

Wageni walikuja mchana: kijana mwenyewe, mshenga wake mwenye maneno mengi, na babu yake kijana, mzee mrefu mwenye koti, mwalimu mstaafu. Niliwapikia ndizi kwa heshima ya kwao. Baadaye niliambiwa kwa upole kwamba ndizi nilizonunua ni za kuivisha, si za kupika, lakini hilo lilikuwa kosa dogo la siku ile. Binti alikaa chumbani, nyuma ya pazia.

Mshenga akaanza kwa kusema kwamba walikuwa wanapita njia wakaona ua.

"Ua lipi?" baba akamkatiza. "Huyo ni katibu wangu."

"Katibu wa nini tena, mzee?"

Nilikohoa. Nikakohoa tena. Mimi nadhani alinisikia, ila siwezi kuapa, maana masikio yake nayo ni ya umri wake. Akaifungua serikali yote: maasi, ushindi, makao makuu, maji, saa mbili za mkulima. Na kwa kweli wageni walicheka. Mshenga alipewa Wizara ya Habari na akaipokea kwa kuinama. Kisha baba akamgeukia yule mzee mrefu. "Na wewe, kwa kuwa umefundisha, chukua Elimu."

Mzee hakucheka. "Ulikuwepo kwenye maasi yale, mzee wangu?"

"Nilikuwepo."

"Kaka yangu naye alikuwa Dar siku hizo. Fundi cherehani. Alitoka kutafuta mkate, fujo zikamkuta barabarani. Hakurudi." Akailaza fimbo yake magotini. "Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Sasa nakuuliza, wala sikuulizi kwa ubaya. Katika serikali yako, kaka yangu yuko wapi?"

Kijana alitazama viatu vyake. Nilitazama pazia, nikawaza kwamba wakinyanyuka sasa hivi hawatarudi, na mwanangu atazeeka akikumbuka kwamba ndoa yake ilivunjwa na nchi isiyokuwepo. Nikamkasirikia baba. Halafu nikamkasirikia mgeni, kwamba hili angeweza kuliuliza siku nyingine. Halafu nikajiuliza siku nyingine ingekuwa ipi, miaka yote hii?

Baba akasugua goti.

"Hayupo," akasema. "Niliwapa kazi ninaowajua. Wale wa barabarani sikuwaweka." Akaacha kusugua goti. "Angekuwa mtu wa umri gani?"

"Mkubwa. Hata wewe angekuzidi."

Baba akashika mikono ya kiti akasimama. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia kwa bega. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale sebuleni, hakuwa na wa kumwamkia.

"Shikamoo," akasema.

Alimtazama yule mzee, lakini si yeye aliyemwamkia, na wote tulielewa. Mzee akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu anayempokelea mwingine.

Baba akakaa. "Na binti mchukueni. Sidai kitu."

Hilo sijapata kulisikia. Babu akinyang'anywa "mke" lazima adai chake, kwa kawaida blanketi, na asipodai huwa ameshusha hadhi ya mjukuu wake. Mshenga yeye alifurahi, akaanza kushukuru haraka haraka. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Hapana, mzee wangu. Hivyo simchukui. Nikimpokea bure leo, kesho watoto wake wataambiwa mama yao alitolewa kufidia damu. Kaka yangu hafidiwi kwa msichana. Dai blanketi lako."

"Kwako siwezi kudai."

"Utadai. Usipodai tunaondoka, na huyo katibu utazeeka naye hapa hapa."

Nyuma ya pazia ilisikika sauti. Sikujua kama ni kicheko au kilio. Nilimuuliza baadaye, akasema hata yeye hajui.

Baba alifikiri kwa muda mrefu kuliko blanketi linavyostahili.

"Blanketi, basi."

"Sawa."

"Zito. Si haya ya siku hizi, unajifunika unamwona jirani."

"Zito."

"Na koti."

"Koti halimo kwenye mila."

"Kwenu halimo. Kwetu limo."

Mshenga akaniuliza kwa macho. Mimi sikumbuki mila yoyote ya koti, ila yawezekana ilikuwepo Magu kabla sijazaliwa, kwa hiyo niliinamisha kichwa kwa namna ambayo kila mtu angeweza kuisoma apendavyo. Yule mzee akatazama koti lake mwenyewe, akafunga kifungo cha juu.

"Hili silivui. Tutatafuta linalofanana nalo."

Hapo pazia likafunguka. Binti alitakiwa asubiri kuitwa, na hakuna aliyekuwa amemwita. Alipiga goti, akaamkia vizuri, macho mekundu, kisha akasema, "Lakini liwe na mifuko ya ndani. Babu anapoteza miwani."

Mzee akamtazama, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Huyu atatufilisi," akasema. "Umejiandaa?"

Kijana akasema amejiandaa.