Kuutazama Mgongo, Mwezi wa Mfungo

Juzi jirani yangu alinionyesha picha za mimba ya binti yake. Mashine za siku hizi zinamgeuza mtoto pande zote na kumpima uti wa mgongo pingili baada ya pingili, na picha yenyewe utadhani imefinyangwa kwa udongo. Nikamwambia mashallah. Sikumwambia kwamba hata mimi niliwahi kuutazama mgongo wa mwanangu kabla hajazaliwa, hapa hapa Malindi, miaka ya themanini, wakati kioo cha mashine kilikuwa kidogo kuliko sahani ya wali na picha yake ni mawingu matupu.

Nilikuwa nimeolewa Mambrui, kijiji cha jirani. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akaishi siku chache. Mgongo wenyewe sikuuona. Aliletwa mikononi mwangu amefungwa nguo, akanyonya kidogo, akaondolewa. Mavyaa, mama wa mume wangu, ndiye aliyekuwa akimfungua na kumfunga, na alipofariki ndiye aliyemwosha. Kila nikiuliza pakoje, jibu lilikuwa moja: "Muombee kwa Mungu, mwanangu." Basi niliposhika mimba ya pili nilikwisha kuamua kwamba safari hii sitangoja kuambiwa. Kichwa changu ni kigumu tangu utotoni, na sijawahi kukijutia.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini. Huko ndiko alikosikia kwamba zahanati ya binafsi imeleta mashine inayopiga picha tumboni kwa mawimbi ya sauti. Mavyaa hakupendezwa hata kidogo.

"Alichokificha Mungu wewe wataka kukichungulia?" aliniuliza, huku akikuna nazi kana kwamba nazi ndiyo iliyomkosea.

"Ndiyo, mama. Na wewe ndiwe utakayenipeleka."

Alinuna siku nzima, lakini alikubali, maana mwenye mimba kwetu hatembei peke yake. Tena mimba ile, baada ya yaliyopita, tuliificha sana. Hakutajiwa mtu. Nilivaa buibui lililonimeza mzima, na Ramadhani ilipoingia nikafunga, ingawa dini imempa mja mzito ruhusa ya kula. Mambrui ukionekana na kikombe mkononi adhuhuri ya mfungo, mtaa mzima umeshaanza kukuhesabia miezi.

Nesi alikuwa amemwambia mume wangu kwamba ninywe maji mengi kabla ya kwenda, wala nisiende haja ndogo. Nilicheka. Maji gani mchana wa Ramadhani? Nikajiona nimejitayarisha vizuri zaidi kuliko alivyotaka, kwenda na tumbo tupu kama mtu anayekwenda kutolewa damu.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye miwani mizito. Alinipaka kitu baridi tumboni, akapitisha kidude chake huku na huku, akaguna.

"Mama, ulikunywa maji?"

"Nimefunga."

"Sasa kibofu haina kitu. Ikijaa, ndiyo inasukuma mtoto juu tumuone. Na huyu amelala vibaya. Mgongo yake ya chini siwezi kuona." Akafuta mikono. "Rudini baada ya Idi."

Hasira zilinipanda hadi machozi yakanitoka. Nilikuwa nimebeba swali lile miezi mitano, nalala nalo na kuamka nalo, halafu naambiwa nilirudishe nyumbani kwa ajili ya maji!

Mavyaa aliinuka kwenye kiti chake, akatoka. Aliporudi alikuwa na jagi na bilauri alivyoazima kwa nesi, amevifunika kwa leso.

"Nwa."

"Mama, watu wataniona."

"Watu ni nani? Mungu amekupa ruhusa, wewe wajitia ukaidi. Nwa, mwanangu."

Akasimama mlangoni na kulitanua buibui lake akauziba mlango wote. Nikanywa jagi zima, akaenda kulijaza tena. Kisha tukakaa ubaoni kungoja, mimi nimebana miguu na yeye ananikemea kila nikijinyonganyonga, na siku ile nilijua kwamba mwanamke huyu nampenda.

Tuliporudi ndani, mawingu yalikuwa yamefunguka. Daktari alinionyesha nukta nyeupe, mistari miwili inayokwenda pamoja kama mshono wa cherehani. Akaweka alama juu, akaweka nyingine chini, akasoma kipimo, akasema urefu unalingana na miezi yangu. Mavyaa, aliyeapa kwamba hatatazama, alikuwa ameshafika kwenye kioo.

"Hapo," alisema, akaweka kidole. "Chini hapo, juu ya kiuno. Patazame hapo."

Daktari alimtazama yeye kwanza. Kisha akakizungusha kidude polepole, akatazama kwa urefu, akatazama kwa upana. "Mashine haioni kila kitu, mama. Lakini hapa pamefunga. Na ngozi iko juu yake."

"Rudia."

Akarudia. Pamefunga. Mavyaa akaanza kulia, naye sikuwa nimemwona akilia hata siku ya mazishi.

"Yule alikuwa wazi hapo hapo," aliniambia. "Kadiri ya kidole changu. Kila nikimfungua napaona. Sikutaka ulale napo, mwanangu. Nikalala napo mie."

Nilimshika mkono uliokuwa huru. Ule mwingine ulikuwa bado kwenye kioo, kidole kinateremka taratibu juu ya zile nukta.

"Huyu nitamkanda kwa mafuta ya nazi," alisema. "Mgongo mzima. Hadi hapa."