Herufi Moja Aliyoongeza Shangazi

Shangazi yangu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na saba. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko ndimi za mawakili, mpaka wakambandika jina la Cherehani, naye akalipenda.

Siku moja alisimama kizimbani fundi rangi mmoja aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala alimofanya kazi. Mlinzi alikuwa amefia humo. Moshi ulikuwa umemharibia sauti yule fundi rangi. Ilitoka kwa mikwaruzo. Alipoulizwa habari za mlinzi alijibu neno moja, shangazi akachapa: "Nilimkosea." Kisha hakimu akahamishwa. Aliyekuja kuandika hukumu hakumsikia mtu, alisoma karatasi tu, na kwake hapo palikuwa na kuungama kwa mshtakiwa. Miaka kumi na miwili.

Mwaka wa tano, mume wa shangazi alirudi nyumbani kutoka kumtafuta fundi bomba.

"Umempata?"

"Wapi! Nimemkosa."

Shangazi akaacha viazi nusu vimemenywa.

Kesho yake alifukua jalada. Mstari wa juu ya neno lile ulisema: "Nilirudi ndani kumtafuta." Akafungua kamusi ya ofisi. Kukosa ni kutopata. Kukosa ni kutenda kosa. "Kumbe ni neno lile lile," aliniambia. "Mwenye kosa ni mtu aliyelenga jambo likampita. Yule alimkosa mwenzake ndani ya moshi. Mimi nikamtia herufi moja, nikamfunga."

Alikwenda kwa hakimu mkuu.

"Una hakika alisema nini?"

"Sina, mheshimiwa. Na siku ile pia sikuwa nayo."

Hakimu akaliandikia gereza, nalo likajibu kwamba mfungwa alifariki miezi miwili nyuma, kwa kifua.

Mjane wake alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu. Shangazi alieleza yote, akapiga magoti.

"Inuka, dada, sakafu ina maji," mjane alisema. Akageuza shuka, akapiga pasi upande wa pili. "Kila nikienda kumwona aliniuliza, 'Mke wangu, hivi mimi nilisema nini?' Amekufa akidhani mdomo wake ndio uliomponza."

Hukumu ilifutwa mwaka uliofuata. Shangazi aliipeleka karatasi mwenyewe. Mjane aliipokea mlangoni, akashukuru, akafunga.

Mwezi ule ule shangazi aliacha kazi. Hata barua zake sasa ananiomba nimwandikie mimi.