Treni ya Mezani

Kila nikitia mafuta cherehani, harufu yake hunirudisha kwenye kile chumba cha makumbusho ya reli, ndani ya bustani ya michezo ya watoto. Treni ndogo ya umeme ilikuwa ikizunguka juu ya meza. Iliposimama stesheni, bibi yangu, ambaye usichanani aliuza ndizi kwenye madirisha ya treni, akachomoa ndizi kikapuni na kupaza sauti: "Ndizi! Ndizi za Meru!"

Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Bibi, hairuhusiwi kugusa," dada mhudumu akasema.

"Sigusi, mwanangu. Nauza."

Dada akacheka, akaipokea ndizi, akailaza kwenye behewa. Treni ikapanda kilima kwa kujikongoja, ikapotea kwenye handaki, ikarudi. Bibi akaimenya ndizi, akanipa.

"Kula, mjukuu wangu. Hii imefika Tanga na kurudi."