Mstari Ulioanza na Namba Mbili

Kisimba hakuwa mganga, wala hakuwahi kushika sindano. Kazi yake, kwenye hospitali moja ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, miaka michache kabla ya uhuru, ilikuwa mlango. Alikuwa na kofia ya kaki, mabenchi manne, na sanduku la vibati hamsini vilivyogongwa namba. Ukifika asubuhi unapewa kibati chako. Namba ikiitwa, unaingia. Basi. Na msidhani sheria hiyo ilikuwa mbaya. Kabla yake, aliyeingia kwanza ni mwenye kuku mkononi, au mwenye ndugu ndani. Aliyeileta ni Tata Louis, yaani Baba Louis, mkuu wa wauguzi, Mluba wa Kasai, mtu mnyoofu kama reli. "Namba ni namba," alisema, na watu walimheshimu kwa hilo.

Sasa sikieni palipokuwa na shida. Siku zile mtu hakwenda hospitali vivi hivi, alikwenda kama aendaye misa. Mgonjwa alioshwa, akapakwa mafuta mpaka uso ukang'aa, akavalishwa nguo za Jumapili, wale wa ndani wasije wakamdharau. Tena alitembea kwa miguu yake, hata kama ameshikiliwa pande zote mbili, maana aliyebebwa, watu walisema, njia yake ni ya ile nyumba ndogo ya nyuma, ya maiti. Kwa hiyo kadiri mtu alivyozidiwa, ndivyo nyumbani walivyozidi kumrembesha. Mwenye jino alikuja na shati la kazi, akipiga kelele. Mwenye kufa alikuja na tai.

Mzee Nkulu Polycarpe, mfanyakazi wa gari moshi la mgodi, alikuja na tai. Na viatu vimepigwa rangi. Kisimba alimpa namba ishirini na saba, ikaanguka. Akaiokota akicheka: "Tata, unatupa namba? Unataka tukuite wa mwisho?" Mzee naye akacheka kidogo, akaomba samahani, akaketi wima kabisa. Namba ishirini na saba ilipoitwa hakuinuka. Walipomgusa alikuwa ameshakwenda, kibati kimo kiganjani.

Kisimba hakula siku mbili. Si ule mzaha tu uliomsumbua. Aliukumbuka mkono: baridi, umelowa. Aliushika yeye mwenyewe, akauacha upite.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepewa kibati bila kushikwa mkono. Uso unapakwa mafuta, aliwaza, lakini viganja hakuna anayevikumbuka. Alijifunza polepole, kama mtu mzima anayejifunza herufi: mkono wa homa, mkono wa woga, mkono wa mtu aliyekimbia kazi tu. Alitazama kucha. Aliuliza "Umelala je?" na si kwa adabu peke yake, alitaka kusikia kama jibu litatoka kwa pumzi moja. Alipokuwa na hakika, akaenda kwa Tata Louis.

"Tata Louis, bale banapiga kelele njo banapona. Bale banyamavu njo banatufia pa benchi. Unipe ruhusa ya kupitisha muntu mbele."

"Weye ni wa mulango, Kisimba."

"Na bote banapita pa mulango."

"Leo utapitisha mugonjwa, kesho utapitisha kuku. Namba ni namba."

Akatoka. Lakini mikono hakuacha kuishika.

Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, watu wamejikunyata ndani ya makoti, akaja mama mmoja jina lake Mbelu, na mke wa mwanawe, Ndaya. Ndaya kapendeza! Kitenge kipya, kilemba kirefu, mashavu yanang'aa. Kinamama wa benchi wakaanza: "Ah, huyu anaenda ndoa ao lopitali?" Ndaya akatabasamu. Kisimba akampa namba arobaini. Ikaanguka.

Safari hii hakuiokota. Aliukamata ule mkono. Baridi, na jasho, katika hewa ile iliyopasua hata midomo. Akaugeuza: kiganja cheupe kama unga wa muhogo.

"Ndaya, umelala je?"

"Mi… nimelala…" Neno likafia njiani.

"Ni tumbo tu, tangu jana," mama Mbelu akadakia. "Haiko mubaya. Ametembea mwenyewe!"

Namba zilikuwa hazijaanza kuitwa, na namba moja alikuwa nayo Stanislas, karani wa stoo, shavu limevimba, limefungwa kitambaa.

"Tata Stanislas, unipe ile namba yako."

"Namba gani? Mi nilifika hapa jogoo angali amelala!"

"Huyu mama anakufa."

"Anakufa na kilemba vile? Kisimba, kama unamupenda, sema tu!"

Mabenchi yote yakacheka. Kisimba akavua kofia, ile kofia iliyokuwa ndiyo kazi yake na chakula cha watoto wake, akaiweka magotini pa Stanislas.

"Shika. Kama mi nadanganya, kesho weye njo utasimama hapa."

Kicheko kikakatika. Stanislas aliitazama kofia, akamtazama Ndaya, ambaye sasa ameegemea ukuta na macho amefumba. Akatoa kibati.

Kisimba alikuwa anamtia Ndaya kibati kile mkononi Tata Louis alipotokeza mlangoni. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna muntu. Shika mukono yake, Tata. Mukono tu. Halafu unifukuze."

Tata Louis akaushika kwa hasira. Kisha vidole vyake vikahamia kwenye mshipa. Ulikuwa mwembamba kama uzi, unakimbia kama cherehani. Akafunua kope: nyeupe. Akagusa tumbo, na Ndaya akaguna kwa mara ya kwanza.

"Kitanda! Mumuite munganga! Sasa hivi!"

Walipomwinua, mama Mbelu akapiga yowe: "Musimubebe! Mutoto wangu, musimubebe!"

Kisimba akamzuia kwa mabega. "Mama, leo banamubeba pa mbele. Hapana pa nyuma."

Mimba ilikuwa imeshika mahali pasipo pake, ikapasuka, damu ikajaa tumboni. Namba mbili ikaitwa, na tatu, na kumi. Kisimba aliendelea kugawa vibati, kichwa wazi. Stanislas, bila namba, alikaa na ile kofia mapajani kama yai, akasahau hata kulia jino.

Jua la saa sita ndipo Tata Louis alipotoka. "Yuko muzima," alimwambia mama Mbelu. "Munganga anasema, nusu saa ingine tungemukosa."

Kisha akamgeukia Kisimba, akafungua kiganja: kibati namba moja. Ndaya alikishikilia mpaka juu ya meza ya kupasulia. Kisimba akanyoosha mkono kukirudisha sandukuni.

"Hapana pale. Tia mu mufuko yako. Kesho anza na mbili. Ya moja ni ya mukono ya baridi."

"Na kuku je, Tata?"

"Siku nitaona kuku, nitakunyang'anya yote: kuku, namba na kofia."

Kofia! Kisimba akapapasa kichwa. Stanislas akamrudishia.

"Shika kitu yako. Sasa jino yangu je?"

Kisimba akavaa kofia vizuri. Akaokota sakafuni namba arobaini na kumpa, lakini kwanza akamshika mkono. Ulikuwa wa moto, wenye nguvu na hasira tele.

"Weye," akamwambia, "utangoja."